Kompyuta ya kutengenezea filamu: kamati ichague namna gani?



Katika makazi ya wahamishwa na katika vijiji vinavyowapokea, kuna vijana wanaoshika kamera. Wanarekodi michezo ya kuigiza juu ya ugomvi wa mashamba, mazungumzo ya wazee na ushuhuda wa akina mama. Lakini kurekodi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni montaji, yaani kukata picha, kuziunganisha na kusafisha sauti. Hapo ndipo kompyuta yenye nguvu inapohitajika.

Mfadhili akitoa pesa, kamati huletewa proforma zenye maneno magumu. Ikichagua mashine kwa sababu inang'aa, au kwa bei ndogo tu, kazi hukwama na watu huanza kushukiana. Kwa hiyo viongozi wanapaswa kujua mambo ya kuuliza kabla ya kutia sahihi.

1. Tuanze na kazi

Saa moja ya picha za HD, kwa megabiti 24 kila sekunde, hujaza karibu gigabaiti 11. Saa moja ya picha za 4K, kwa megabiti 100 kila sekunde, hujaza gigabaiti 45. Kama filamu itaonyeshwa kwenye shuka jeupe uwanjani au kwenye simu, HD inatosha, na mashine itapungua bei. Kwa vipindi vya redio peke yake, kompyuta ya kawaida inatosha.

2. Viungo vinne vya mashine

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu. Kwa montaji ya filamu, tutafute yenye kore 8 au zaidi.

Memori ni kama meza ya kazi: ikiwa ndogo, huwezi kutandaza vitu vyote. Gigabaiti 16 zinafaa kwa HD, 32 kwa 4K, na 64 kwa wanaochora katuni zenye mwendo.

Kadi ya picha husaidia hasa katika kurekebisha rangi. Programu ya DaVinci Resolve huitegemea sana. Kadi yenye memori yake ya gigabaiti 8 ni mwanzo mzuri.

Diski ziwe mbili. Ya kwanza ni SSD, ambayo ni ya haraka, kwa programu na filamu inayotengenezwa sasa. Ya pili ni diski ya kawaida, ya bei ndogo, kwa kazi zilizokwisha.

Tumuulize muuzaji: je, memori na diski zinaweza kuongezwa baadaye? Katika kompyuta nyingi za mezani inawezekana. Katika Mac Studio ya Apple, memori unayonunua siku ya kwanza ndiyo utakayobaki nayo. Tujihadhari pia na mashine kuukuu: msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubali Windows 11.

Pesa za programu zinaweza kuokolewa. DaVinci Resolve ina toleo la bure, na Kdenlive na Blender ni za bure kabisa. Hakuna sababu ya kutumia programu za wizi zinazoleta virusi.

3. Umeme uhesabiwe kabla

Mashine inayokula wati 500 kwa saa 6 inahitaji kilowati-saa 3 kwa siku, bila kuhesabu skrini. Paneli za jua na betri, au mafuta ya jenereta, vitaweza? Onduleri ni ya lazima, lakini kazi yake ni kutupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Tusome wati zake, si VA peke yake: onduleri ya VA 1000 mara nyingi hubeba wati 600 tu. Kama pesa hazitoshi, ni afadhali kupunguza kadi ya picha kuliko kuacha onduleri.

4. Na siku ya kukimbia?

Kompyuta ya mezani hupoa vizuri kuliko ya kubebwa, na kiungo kikiharibika hubadilishwa peke yake. Lakini sisi tunajua kukimbia ni nini. Hakuna anayebeba mtoto mgongoni na sanduku la kompyuta kichwani. Diski ndogo ya nje huingia mfukoni. Basi kila kazi iwe na nakala tatu: moja katika mashine, moja katika diski ya nje, na moja mahali pengine kabisa.

Diski hizo zifungwe kwa neno la siri. Programu ya bure ya VeraCrypt hufanya kazi hiyo. Mama aliyesimulia mambo aliyotendewa anaweza kudhurika uso wake ukionekana mikononi mwa watu wabaya. Mashine ikiibwa tutanunua nyingine, lakini yeye ataumia.

Mwisho, kamati iandike kabla ya kununua: nani anashika ufunguo, zamu za wasichana na wavulana ni zipi, wahamishwa na wenyeji watatumiaje kwa usawa, na pesa za matengenezo zitatoka wapi. Barua hiyo isomwe mbele ya wote, na proforma pia, pamoja na bei zake.