Hodhi la kuogea: ununue jipya au ufufue la zamani?

KAMPALA – Katika baadhi ya nyumba za zamani za Kololo na Nakasero bado yapo mahodhi ya kuogea ya chuma kizito, yaliyowekwa enzi za ukoloni. Nyumba inapokarabatiwa, mwenyewe hujiuliza: aling'oe na kununua jipya, au alitengeneze? Swali hilo linamhusu pia mfanyabiashara anayenunua vifaa vya ujenzi Kampala kwenda kuviuza Juba, Bunia au Goma, kwani hodhi bovu lililokwisha kuvuka mpaka ni vigumu kulirudisha.

Aina za mahodhi

Aina zinazopatikana zaidi ni tatu. Ya kwanza ni chuma kizito kilichomiminwa kwenye kalibu na kufunikwa enameli. Hodhi moja huweza kufikia kilo 150 au zaidi. Ya pili ni bati la chuma lenye enameli, ambalo ni jepesi zaidi. Ya tatu ni plastiki ya akriliki iliyoimarishwa kwa faibaglasi, ambayo mtu mmoja au wawili huibeba bila shida.

Kabla ya kuchagua, pima mlango, ngazi na nafasi ya bafuni, na uangalie tundu la kutolea maji liko upande gani. Fikiria pia maji. Lita 150 ni zaidi ya jerikeni 7 za lita 20, na uzito wake ni kilo 150. Ukijumlisha hodhi la chuma na mtu aliyemo, sakafu ya ghorofani inabeba karibu kilo 400. Aidha, ili maji hayo yawe ya vuguvugu zuri unahitaji takriban lita 60 za maji ya moto, hivyo hita ya lita 50 haitatosha.

Safari na ushuru

Mahodhi mengi mapya hutoka nje ya Afrika Mashariki, hususan China. Hushushwa bandari ya Mombasa na kusafiri zaidi ya kilomita 1,100 hadi Kampala kupitia Malaba au Busia. Tangu Himaya Moja ya Forodha ianze mwaka 2014, kodi za Uganda hulipwa mzigo ukiwa bado bandarini. Pamoja na ushuru wa forodha, kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Hodhi pia hujaza nafasi kubwa ndani ya kontena hata likiwa jepesi, na gharama hiyo huishia kwa mnunuzi.

Wafanyabiashara wadogo wakumbuke jambo moja. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya. Hodhi lililotengenezwa China haliwi la Afrika Mashariki kwa kuwa limenunuliwa Kampala. Tunza risiti na nyaraka za forodha.

Kagua kabla ya kulipa

Nenda na sumaku na tochi. Sumaku ikinata, ni chuma. Isiponata, ni plastiki. Mulika chini ya hodhi na kuzunguka tundu la maji, kwani hapo ndipo kutu huanzia. Kutu ya juu juu inatibika, lakini chuma kilichotoboka ni hasara. Kama ni akriliki, bonyeza sakafu yake kwa kiganja. Ikibonyea sana itapasuka baadaye, isipowekewa egemeo chini.

Jihadhari na hodhi kuukuu linalong'aa kupita kiasi. Huenda rangi imepakwa jana kuficha kutu. Angalia ukingo wa tundu la maji, kwani rangi iliyopakwa ovyo huanza kubanduka hapo.

Kuziba na kupaka upya

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Enameli ikimeguka kidogo, osha, kausha, piga msasa hadi chuma king'ae, kisha ziba kwa epoksi tabaka jembamba jembamba. Ufa wa akriliki hutobolewa kwanza vitundu vidogo kwenye ncha zake ili usiendelee, halafu huzibwa kwa faibaglasi.

Kupaka hodhi zima ni kazi ya maandalizi zaidi kuliko rangi. Toa silikoni yote, ondoa mafuta ya sabuni na chokaa, kwaruza uso wote, paka rangi ya msingi, kisha rangi ya sehemu mbili zinazochanganywa. Usitie maji mpaka muda ulioandikwa kwenye kopo uishe. Baada ya hapo, usisugue kwa steelwire wala unga wa kukwaruza. Muuzaji mwaminifu atakueleza pia kuwa enameli ya asili ni kioo kilichoyeyushwa kwenye joto la nyuzi 800 hivi. Rangi haiwezi kudumu kama hiyo.

Hatari kwa fundi

Dawa za kubandua rangi zenye kloridi ya methilini zinaua. Nchini Marekani, mafundi 13 wa kurekebisha mahodhi waliripotiwa kufa kati ya mwaka 2000 na 2011 kwa kuvuta mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama ndani ya hodhi, mahali hasa fundi anapoinamisha kichwa. Barakoa ya vumbi haiuzuii. Soma kopo; ukiiona dawa hiyo, mwambie fundi atumie njia nyingine. Rangi za magari za kuchanganya nazo huweza kuleta pumu zikipulizwa chumbani bila hewa na kinga inayofaa. Enameli ya zamani yaweza kuwa na risasi, kwa hiyo piga msasa wa maji na uwaweke watoto mbali.

Uamuzi

Ikiwa chuma ni kizima na fundi anaijua kazi yake, fufua. Utaepuka gharama ya kung'oa, vigae vipya na usafiri. Ikiwa limetoboka, au fundi anataka kufanya kazi madirisha yakiwa yamefungwa, afadhali ununue jipya. Hakuna hodhi lenye thamani ya maisha ya fundi.