Skauti: Mtoto Hujifunza Kuongoza kwa Kukabidhiwa Kazi

Kila mwezi wa Februari, karibu na tarehe 22, mji wa Nyeri hupokea vijana waliovaa sare na skafu shingoni. Huja kutoka kaunti mbalimbali kuzuru kaburi la Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, ambaye aliishi miaka yake ya mwisho katika nyumba ya Paxtu, kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, na kufariki Januari 8, 1941. Kwenye jiwe la kaburi lake kuna duara lenye nukta katikati. Hiyo ni alama ambayo skauti huiacha njiani kuwaambia wenzake kwamba amerudi nyumbani.

Wazazi wengi huwatazama vijana hao wakipita kwa gwaride na kudhani kwamba skauti ni sare na saluti tu. Ndiyo maana mtoto anapoleta barua ya shule ya kuomba ruhusa ya kwenda kambini, huulizwa: "Hiyo itakusaidia nini kwenye mtihani?" Kwa familia inayohesabu kila shilingi, hilo ni swali la haki, na linastahili jibu.

Wazo lilikotoka

Baden-Powell alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza. Kati ya Oktoba 1899 na Mei 1900, mji wa Mafeking nchini Afrika Kusini ulizingirwa kwa siku 217 katika vita vya Waingereza na Makaburu. Watu wazima hawakutosha, hivyo wavulana wa mji wakapewa kazi ya kupeleka ujumbe na kusaidia hospitalini. Waliifanya kazi hiyo vizuri. Baden-Powell aliondoka na funzo kwamba kijana akiaminiwa na jukumu la kweli, mara nyingi hulibeba.

Mnamo Agosti 1907 alilijaribu wazo hilo wakati wa amani. Aliwapeleka wavulana wapatao 20 kupiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Baadhi walitoka familia za kitajiri na wengine familia za kawaida. Aliwachanganya, akawagawa katika makundi manne na kuweka kijana mmoja kuongoza kila kundi. Skauti ilifika Kenya mwaka 1910. Chama cha Girl Guides kilianza hapa nchini mwaka 1920, na siku hizi Chama cha Skauti cha Kenya huwapokea wavulana na wasichana.

Kundi dogo, jukumu la kweli

Kiini cha skauti hadi leo ni patroli, yaani kundi dogo la watoto takriban sita hadi wanane. Patroli huwa na kiongozi na naibu wake, na kila mmoja aliyebaki ana kazi yake. Mmoja hutunza vifaa, mwingine hushika fedha za chakula, mwingine sanduku la huduma ya kwanza. Katika kundi dogo kama hilo hakuna pa kujificha. Aliyepewa kiberiti akikiacha kilowe, wote watalala njaa.

Kambi ndiyo inayoonyesha hayo vizuri zaidi. Mvua imenyesha, kuni ni mbichi, ugali hauivi na watoto wanaanza kulaumiana. Mwalimu yuko hatua chache kutoka hapo na angeweza kuuwasha moto huo kwa dakika mbili, lakini anasubiri. Kiongozi wa patroli mwenye umri wa miaka 13 analazimika kuamua: nani atafute kuni kavu, nani ashike mwiko, nani atulize ugomvi. Wakila wamechelewa, jioni hukaa pamoja na kuulizana ni nini kilichoharibika na kesho watafanyaje. Kupotea njia ndiko kujua njia.

Ni katika nafasi kama hizo ambapo ujasiri hujengeka. Mtoto mwenye aibu hapati sauti kwa kuambiwa ajiamini. Anaipata anapolazimika kutoa taarifa ya patroli yake mbele ya wenzake, na wiki inayofuata akairudia. Naye mtoto mwenye ubabe hugundua haraka kwamba wenzake wakimchoka hawamsikilizi, hivyo hujifunza kuomba na kueleza badala ya kufoka.

Uadilifu nao hujengwa kwa mazoea. Skauti hula kiapo cha kutimiza wajibu wake kwa Mungu na kwa nchi yake, kuwasaidia wengine na kufuata sheria ya skauti. Hutarajiwa kutenda jambo jema kila siku bila kungoja malipo: kumtekea jirani mzee maji, kuokota taka sokoni, kumvusha mtoto mdogo barabara. Ni mambo madogo, lakini yakirudiwa kwa miaka huwa tabia.

Majukumu huongezeka kadiri mtoto anavyokua. Wadogo, kuanzia miaka sita, huitwa Sungura, na hujifunza zaidi kwa michezo na hadithi. Hufuata Chipukizi, kisha Mwamba kwa vijana wa shule za sekondari. Jasiri ni vijana wa miaka 18 hadi 26, ambao tayari huweza kupanga kambi na kuwalea wadogo wao. Beji hutolewa kwa stadi ambayo mtoto ameionyesha kwa vitendo, kama vile kupika, kutoa huduma ya kwanza au kusoma ramani.

Utafiti unasema nini

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts nchini Marekani waliwafuatilia watoto wa skauti wapatao 1,800, pamoja na wengine wapatao 400 wasio skauti, kwa muda wa miaka miwili na nusu katika eneo la Philadelphia. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba watoto wa skauti walipiga hatua katika uchangamfu, usaidizi, wema, utii, uaminifu na matumaini ya maisha ya baadaye. Waliohudhuria mara kwa mara ndio walionufaika zaidi.

Mwaka 2016, watafiti wa vyuo vikuu vya Edinburgh na Glasgow walichunguza taarifa za karibu watu 10,000 waliozaliwa Uingereza mwaka 1958. Waliokuwa skauti au girl guides utotoni walikuwa na uwezekano mdogo, kwa takriban asilimia 15, wa kupatwa na matatizo ya wasiwasi na huzuni walipofikia miaka 50. Tafiti hizi hazithibitishi kwamba skauti pekee ndiyo iliyoleta tofauti hiyo, kwa sababu familia zinazowaandikisha watoto huenda zinatofautiana na nyingine. Hata hivyo, zinakubaliana na jambo ambalo walimu wengi huliona darasani.

Mzazi aulize nini

Faida hizi hutegemea sana mtu mzima anayesimamia kikosi. Kiongozi anayefanya kila kitu mwenyewe, au anayewageuza watoto kuwa wa gwaride la sherehe tu, huwanyima kile walichokuja kutafuta. Kabla ya kutia sahihi barua ya kambi, mzazi ana haki ya kuuliza:

• Nani anasimamia kikosi, na amepata mafunzo gani ya skauti?
• Watakuwapo watu wazima wangapi, na kama kuna wasichana, je, kuna msimamizi wa kike?
• Kambi iko wapi, watoto watasafiri vipi, na hospitali ya karibu ni ipi?
• Gharama ni kiasi gani, na je, kikosi kina sare za kuazima?

Mtu mzima hapaswi kubaki faraghani na mtoto mmoja. Mtoto akilalamika kuhusu jambo lolote la kudhuru usalama wake, asikilizwe mara moja. Msaada hupatikana pia kwa kupiga simu bila malipo kwa nambari 116 ya huduma kwa watoto.

Vikosi vingi vya skauti viko shuleni, kwa hivyo mahali pa kuanzia ni kwa mwalimu mkuu. Ikiwa shule haina kikosi, wazazi na walimu wanaweza kumwona kamishna wa skauti wa kaunti ndogo kuhusu hatua za kukianzisha.

Na mtoto atakaporudi kutoka kambini akiwa na viatu vyenye matope, mzazi asiishie kumuuliza kama alifurahia. Amuulize alikabidhiwa kazi gani, na nyumbani ampe nyingine ya kweli: kununua mahitaji ya wiki na kurudisha hesabu, au kusimamia wadogo zake Jumamosi moja. Skauti hukutana saa chache kwa wiki. Siku zinazobaki, mtoto yuko nyumbani.