Hongo ya Maji

Mwanasiasa akipanda jukwaani Dodoma, awe wa chama gani na awe ametoka kona gani ya nchi, neno lake la kwanza ni "Mbukwenyi!" Umati huitika kwa vigelegele, mgeni hutabasamu, kisha hotuba yote iliyobaki huendelea kwa Kiswahili. Ukiacha ngoma za kupokelea viongozi, salamu hiyo ndiyo karibu kitu pekee cha Kigogo kinachosikika katika shughuli rasmi za makao makuu ya Tanzania. Inashangaza kidogo, kwa sababu Wagogo wamepokea wageni tangu zamani sana, na hapo zamani waliwapokea kwa masharti yao wenyewe.

Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikata katikati ya Ugogo. Upande wa mashariki ilikuwapo nyika iliyoitwa Marenga Mkali, ambako maji yalikuwa haba na machungu. Upande wa magharibi ilikuwapo nyika nyingine, Mgunda Mkali, pori la siku nyingi. Katikati ya nyika hizo mbili ndipo penye visima, mtama na ng'ombe wa Wagogo. Msafara wenye mamia ya wapagazi ulifika pale ukiwa na kiu na njaa, na kila mtemi aliyemiliki eneo alitoza ushuru ulioitwa hongo: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba. Ukimaliza kumlipa huyu, siku mbili mbele unamkuta mwingine. Richard Burton alipita mwaka 1857 na Henry Morton Stanley mwaka 1871, na wote wawili waliandika kwa hasira kuhusu Wagogo na tamaa yao.

Hasira ya msafiri mwenye kiu naielewa. Lakini kisima cha Ugogo si chemchemi inayobubujika bure. Ni shimo linalochimbwa kwa mikono katika mchanga wa korongo lililokauka, na kila mwaka huchimbwa upya. Mvua za huku ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, huanza Desemba na kuisha Aprili, na miezi iliyobaki watu na mifugo hugawana kilichobaki chini ya mchanga. Watu elfu moja wakitua hapo, wakanywa na kununua mtama wa msimu mzima, mwenyeji afanye nini? Watemi walijibu swali hilo kwa kutoza.

Na wenyeji hao nao walikuwa wageni wa jana. Ukizisikiliza simulizi za koo za Kigogo, utakuta huu ulitoka Uhehe, ule Unyamwezi, mwingine Ukaguru au Ukimbu. Kilichowaunganisha hakikuwa babu mmoja bali nchi yenyewe na kanuni za kuishi ndani yake. Mtemi hakuwa mfalme mwenye jeshi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuilinda nchi katika mambo ya mvua na afya: alitunza mawe ya mvua, alituma watu kwa waganga wa mvua, alitoa idhini ya kuanza kulima na ya kufungua jando. Mvua ikikataa, lawama zilimfikia yeye kwanza.

Balaa likizidi, kwa mfano ugonjwa ukiwaingia ng'ombe, kazi ya kuisafisha nchi iliwaangukia wanawake. Walivaa mavazi ya wanaume, wakashika mikuki na fimbo, wakaswaga ng'ombe malishoni kama wachungaji, wakacheza na kuimba nyimbo za matusi ambazo siku nyingine wasingethubutu kuzitamka. Kisha waliukimbiza uchafu ule hadi mpakani, upande wa magharibi, na kuutupa nje ya nchi. Wanaume walikaa kando. Mtaalamu wa mila za Wagogo, Peter Rigby, aliliandika jambo hili miaka ya 1960, na ndiye pia aliyeandika kitabu kuhusu ng'ombe na undugu wa Wagogo ambacho mpaka leo hakijapata mpinzani.

Ng'ombe na undugu: hapo ndipo moyo wa maisha ya Ugogo ulipo. Mvua za huku hunyesha kwa vipande. Mvumi wanaweza kuvuna huku Bahi mashamba yamekauka, na mwaka unaofuata mambo yakageuka. Kwa hiyo Mgogo mwenye ng'ombe wengi hakai nao wote katika zizi moja. Wengine huwaweka kwa shemeji, wengine kwa mjomba, wengine kwa rafiki aliye mwendo wa siku mbili. Anayewalea hunywa maziwa na kupata mbolea. Mwenyewe hubaki na mali yake. Ugonjwa ukifagia zizi moja, mengine yamebaki. Mahari nayo huendeshwa kwa mantiki ile ile. Ndugu wa baba na ndugu wa mama wa mwoaji huchangia mifugo, na kwa mke vilevile pande zote mbili hupokea. Ndoa moja inaacha watu wengi wakidaiana na kuheshimiana kwa miaka mingi. Siku hizi mjini mahari hutajwa kwa ng'ombe na kulipwa kwa shilingi, na shilingi haziwezi kuwekwa kwa mjomba zikazaa.

Njaa ikifika, undugu huo ndio ghala. Watu hufunga safari kwenda kuhemea: wanawaendea ndugu waliopata mvua, wanabadilisha mbuzi kwa nafaka, wanasaidia kuvuna na kurudi na mzigo, au wanahamia huko kabisa na kujenga upya. Mwaka mwingine wale wale waliotoa ndio wanaokuja kuhemea. Watanzania wengi wamezoea kuwatania Wagogo kwa ombaomba, na wapo wazee kutoka Dodoma waliokaa barabarani Dar es Salaam hadi wakawa maarufu. Utani huo nauona wa kijinga. Mtu aliyelelewa akijua kwamba kuomba wakati wa njaa ni haki inayolipwa kesho, ukimpeleka mahali ambako hana ndugu wala kesho, anabaki na mkono ulionyooshwa tu. Mila imekatwa nusu.

Mara moja ghala hilo lilibomoka lote. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopita Ugogo, jeshi la Wajerumani na baadaye la Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosekana. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa, katika kabila la watu 150,000 hivi. Hapakuwa na pa kuhemea kwa sababu kila upande ulikuwa umeporwa. Koo zilitawanyika, na mamlaka ya watemi wengi hayakurudi kama zamani.

Mji wenyewe wa Dodoma ulikuwa tayari umezaliwa kabla ya njaa hiyo. Wajerumani waliuanzisha mwaka 1907 wakati wakijenga reli ya kati. Wenyeji wana visa vyao vya kale kuhusu chimbuko la mahali hapo. Kinachosimuliwa kwa wageni ni cha tembo aliyekuja kunywa maji katika kijito cha Kikuyu akazama matopeni. Ninachokipenda mimi ni kingine: Wagogo waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawala, wakachomeka mikia katika bwawa, na wenye mali walipofika wakaoneshwa mikia ile na kuambiwa kwamba wanyama wote wamezama. Sijui mji mwingine mkuu ambao wenyeji wake husimulia kwa furaha kwamba ulianza kwa utapeli.

Mwaka 1973 chama tawala, TANU, kiliamua kuhamisha makao makuu kutoka Dar es Salaam. Sababu zilikuwa mbili kubwa: Dodoma iko katikati ya nchi, na Dar es Salaam ilikuwa mji wa bandari uliokuzwa na wakoloni ukiangalia nje. Tena Dodoma ilikuwa imezungukwa na vijiji vya ujamaa. Miaka miwili nyuma, Operesheni Dodoma ilikuwa imewahamisha Wagogo kwa maelfu kutoka katika makazi yao yaliyotawanyika. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipiga kambi Chamwino, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto ilipotoa mpango wa mji mwaka 1976, ilieleza jiji la chini chini, lisiloshindana kwa maghorofa, lenye vitongoji vya kutembelewa kwa miguu na bustani za mizabibu. Ni mpango mzuri kuusoma. Ulisifu maisha ya kijiji huku nyumba za vijiji vyenyewe zikihesabiwa kuwa kikwazo.

Nyumba hizo ni tembe: nyumba ndefu ya paa bapa, fupi kiasi kwamba mtu mrefu huinama mlangoni. Nguzo husimamishwa, fito hufungwa, udongo hukandikwa kutani na kushindiliwa juu ya paa. Vyumba huzunguka ua, na ng'ombe hulala uani humo. Kila mke ana sehemu yake na vilindo vyake vya nafaka. Juu ya paa huanikwa mtama, vipande vya maboga na majani ya mlenda. Maofisa wa maendeleo, kizazi baada ya kizazi, wameiona tembe kama aibu ya kuondolewa, na ni kweli kwamba ina giza na moshi. Lakini kaa ndani yake saa nane mchana mwezi wa Oktoba, kisha hamia chini ya bati lisilo na dari, ndipo tuendelee na mjadala.

Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wakazi waliijua kwa jina la CDA, ilimiliki ardhi yote ya mji kwa zaidi ya miaka 40. Mwenyeji aliyelima shamba la babu yake aligeuka mpangaji, tena wa hati ya miaka 33. Malalamiko ya fidia na bomoabomoa yalirundikana hadi Rais John Magufuli alipoivunja mamlaka hiyo Mei 2017, akaagiza hati ziwe za miaka 99. Wakati huo kuhama kwa serikali kulikuwa kumeanza kweli. Bunge lilitangulia mwaka 1996, tangazo la Magufuli likaja Julai 2016, na Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika eneo la jiji. Ile ya 2022 ikakuta 765,179. Maji ya watu hao bado yanategemea zaidi visima vya Makutupora. Safari hii hakuna mtemi anayetoza.

Kilichosalia na nguvu ni muziki. Wagogo huimba kwa sauti nyingi zinazopishana na kukutana, jambo ambalo watafiti wa muziki kutoka ng'ambo wamelifuata kwa miongo mingi. Ndani ya muheme wanawake hubana ngoma katikati ya mapaja na kuzipiga kwa viganja, huku wachezaji wakitikisa mabega hadi kola za shanga zinaruka. Muheme ulikuwa ngoma ya jando la wasichana. Ukeketaji uliokwenda na jando hilo umepigwa marufuku kwa walio chini ya miaka 18 na sheria ya mwaka 1998, ingawa Dodoma bado imo katika mikoa ambako unafanyika, wakati mwingine kwa watoto wachanga ili usionekane. Ngoma imetoka porini ikahamia uwanja wa ndege, ambako inapokea marais. Wapo wanaosikitika kuiona pale. Mimi naona kina mama wale wanapiga vilevile, na mdundo haujali nani ameshuka kwenye ndege.

Hukwe Zawose, aliyezaliwa kijiji cha Doda mwaka 1938, aliutoa muziki huo Ugogo ukazunguka dunia. Alikuwa mchunga ng'ombe. Nyerere alimsikia, akamwita Dar es Salaam, na baadaye akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Alitengeneza ilimba, yaani marimba za kupigwa kwa vidole gumba, kubwa zenye vyuma vingi kuliko za zamani na mazeze yenye nyuzi nyingi zaidi, akarekodi na Real World ya Peter Gabriel huko Uingereza. Alifariki mwaka 2003 Bagamoyo, pwani, mbali na mibuyu ya kwao. Chamwino, kijiji kile kile cha matofali ya Nyerere ambacho sasa kina Ikulu iliyozinduliwa Mei 2023, ndicho pia chenye tamasha la kila mwaka la muziki wa Cigogo, na vikundi hutoka vijijini kuja kutumbuiza.

Katika soko la Majengo, wanawake wa vijijini huuza mlenda mkavu kwa kopo, ubuyu na uwele. Wateja wao wengi sasa ni watumishi wa wizara waliohamishwa kutoka Dar es Salaam, ambao mwaka wa kwanza waliucheka mlenda na mwaka wa pili wakauulizia. Zabibu, zilizoletwa na mapadre wa Bihawana na ambazo huvunwa mara mbili kwa mwaka, zimepata hadhi ya kuwa nembo ya mji. Mtama, ulioulisha msafara wa Stanley, haupo kwenye nembo yoyote niliyowahi kuiona.

Mashamba ya pembeni mwa jiji yanapimwa viwanja mwaka hadi mwaka, Nzuguni, Ihumwa, Mtumba. Anayeuza hupata fedha za mara moja, hununua ng'ombe au pikipiki, na mara nyingi huhama. Kuhama kwenyewe si kitu kigeni kwa Mgogo, ila pa kuhamia pamepungua. Wengi wameelekea kaskazini hadi Kiteto, nchi ya malisho ya Wamasai, ambako wanafyeka pori na kulima. Huko wakulima na wafugaji wamegombana hadi kuuana, na katika mikutano ya usuluhishi wazee wa Kimasai huwauliza waliotoka Dodoma ni nani aliyewapa ruhusa ya kulima.