Koki ya boya chooni ikichakaa: Namna ya kuibadilisha mwenyewe

KATIKA nyumba yenye choo cha kuflashi, sauti ya maji yanayochuruzika ndani ya tangi usiku kucha huzoeleka upesi, na baada ya wiki moja hakuna anayeisikia tena. Hata hivyo, maji hayo yanapotea. Mara nyingi chanzo chake ni kifaa kimoja kidogo: koki ya boya, yaani koki inayoingiza maji kwenye tangi la choo na kuyafunga tangi linapojaa.

Hesabu ya hasara hiyo ni rahisi. Koki inayopitisha robo lita kwa dakika, kiasi cha glasi moja, humwaga lita 15 kwa saa, sawa na lita 360 kwa siku. Hizo ni ndoo 18 za lita 20. Kwa siku 30 hufikia lita 10,800, yaani karibu uniti 11 za mita, kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000.

Kwa mkazi wa Nyakahura, wilayani Biharamulo, hasara hiyo si jambo dogo. Kata hiyo ya mkoa wa Kagera iko kando ya barabara kuu inayotoka Lusahunga kuelekea mipaka ya Rwanda na Burundi, ambako malori ya mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hupita usiku na mchana. Katika vituo vya njia kama hiki, mwenye nyumba ya kulala wageni anayetegemea tangi la plastiki, maarufu kama simtanki, anaweza kulikuta limekauka asubuhi wakati wageni wanahitaji kuoga. Tangi la lita 1,000 huisha kwa muda usiofika siku tatu kwa uvujaji huo peke yake. Kwa kaya inayochota maji, ndoo 18 ni safari 18 za mtu mwenye mzigo kichwani.

Aidha, maji yakishapita kwenye mita, gharama yake ni ya mteja, hata kama yameishia chooni bila kutumika. Habari njema ni kwamba koki hiyo hubadilishwa kwa muda usiozidi saa moja, na mtu asiye fundi anaweza kuifanya kazi hiyo.

Jinsi inavyofanya kazi

Kanuni ya boya ni ya kale. Mvumbuzi Ktesibios, aliyeishi Aleksandria, Misri, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, aliitumia katika saa yake ya maji ili kusawazisha mtiririko. Katika tangi la choo, boya hushuka pamoja na maji mtu anapoflashi, na koki hufunguka. Maji yanapopanda, boya hupanda nayo na kusukuma kipande cha mpira kuziba tundu la maji.

Kipande hicho cha mpira ndicho huchakaa kwanza. Mchanga na tope linaloingia kwenye mabomba, hasa nyakati za mvua, hukikwaruza au kunasa chini yake. Wakati mwingine boya lenyewe hutoboka, likajaa maji na kushindwa kuelea.

Pima kabla ya kununua

Si kila uvujaji wa choo hutokana na koki ya boya. Fungua mfuniko wa tangi na utazame bomba fupi lililosimama katikati, ambalo hupokea maji yaliyozidi. Ikiwa maji yamefika kwenye mdomo wake na yanamwagikia ndani, koki ya boya haifungi. Ikiwa maji yako chini ya mdomo huo na bado choo kinavuja, shuku kizibo cha mpira kilicho chini ya tangi.

Ili kuthibitisha, mimina chai ya rangi iliyokolea ndani ya tangi, kisha subiri nusu saa bila kuflashi. Rangi ikionekana kwenye bakuli la choo, kizibo cha chini ndicho kibovu, na kubadilisha koki hakutasaidia.

Jaribio la mwisho ni kuinua boya kwa mkono. Maji yakikatika kabisa, huenda koki ni nzima na inahitaji tu kurekebishwa ili boya lifunge mapema. Yakiendelea kuchuruzika, koki imechakaa.

Kununua koki mpya

Njia ya uhakika ni kuing'oa koki ya zamani na kwenda nayo dukani kama mfano. Angalia mambo matatu: upana wa sehemu yenye uzi, ambao mara nyingi ni nusu inchi, upande unaoingilia maji, kwani baadhi ya matangi huingiza maji kwa chini na mengine kwa ubavuni, na urefu wa koki ukilinganisha na kina cha tangi.

Jambo la nne husahauliwa na wengi, nalo ni nguvu ya maji. Simtanki lililoinuliwa mita tatu juu ya choo hutoa mgandamizo wa takriban baa 0.3 tu. Baadhi ya koki zimetengenezwa kwa maji yenye nguvu zaidi, na zikifungwa kwenye simtanki hujaza polepole mno au hazifungi vizuri. Mweleze muuzaji kwamba maji yako yanatoka kwenye tangi la juu.

Hatua za kufuata

Kwanza, funga maji. Tumia koki ndogo iliyo ukutani karibu na choo, na kama haipo, funga kwenye mita au kwenye simtanki. Kisha flashi, na ukaushe kwa kitambaa maji yaliyobaki tangini.

Pili, weka beseni chini. Fungua nati ya mpira unaoleta maji, kisha nati kubwa inayoishikilia koki kwenye tangi. Wakati wa kuifungua nati hiyo, ishike koki kwa mkono mwingine isizunguke. Itoe, na usafishe uchafu ulioganda kuzunguka tundu.

Tatu, kabla ya kufunga koki mpya, elekeza mpira wa maji kwenye ndoo na ufungulie maji kwa sekunde chache. Mchanga uliolegea utatoka. Ukiacha hatua hii, uchafu huo unaweza kuiharibu koki mpya siku hiyo hiyo. Funga maji tena.

Nne, ingiza koki mpya, washa yake ya mpira ikiwa ndani ya tangi na nati ikiwa nje. Kaza kwa mkono hadi mwisho, kisha ongeza robo mzunguko kwa spana. Usizidishe, kwani tangi la kauri hupasuka na nati za plastiki hukatika uzi.

Tano, unganisha mpira wa maji. Kama koki ina kimrija chembamba, kielekeze kwenye mdomo wa bomba la maji yaliyozidi, lakini kisizamishwe ndani yake. Hakikisha pia kwamba sehemu ya juu ya koki iko juu zaidi ya mdomo wa bomba hilo. Maji yanapokatika, bomba linaweza kuvuta hewa kwa nyuma, na koki iliyozama inaweza kurudisha maji ya choo kwenye mfumo wa nyumba.

Sita, fungulia maji polepole na upitishe karatasi kavu kwenye viungio vyote. Ikilowa, kaza kidogo. Halafu rekebisha boya hadi maji yasimame takriban sentimita 2.5 chini ya mdomo wa bomba la maji yaliyozidi. Boya lisiguse kuta za tangi.

Ukikuta tangi lina ufa, au bomba la ukutani limeoza kwa kutu, acha na umwite fundi bomba.

Usiku wa kwanza baada ya kazi hiyo, andika namba za mita kabla ya kulala, au weka alama mahali maji yalipofika kwenye simtanki. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajatumia maji, angalia tena. Namba zikiwa zilezile, zile ndoo 18 zimebaki nyumbani.