Fizikia Tiba: Kuomba Masomo ya Uzamili

Mgonjwa wa saratani anayelazwa chini ya mashine ya mionzi humwona daktari na mtaalamu anayeiendesha mashine. Mwanafizikia tiba, aliyehakiki dozi yake, aghalabu hamwoni. Dozi ikipungua, uvimbe huweza kubaki. Ikizidi, viungo vizima hudhurika.

Mhitimu wa fizikia anayeitaka kazi hii anaweza kuomba nafasi Trieste, Italia. Huko, tangu 2014, Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia cha Abdus Salam na Chuo Kikuu cha Trieste huendesha shahada ya uzamili ya fizikia tiba, iliyokusudiwa hasa nchi zinazoendelea. Mwaka wa kwanza ni wa darasani. Wa pili, hospitalini.

Alama nzuri ni sharti, lakini washindani nao wanazo. Barua ya maombi iache sifa za jumla kuhusu kupenda sayansi. Ieleze mwombaji alipima nini, kwa chombo gani, na aligunduaje kosa. Siku chache katika idara ya tiba ya mionzi, kwa ruhusa ya hospitali, zitampa la kuandika. Mdhamini naye awe mwalimu aliyemsimamia maabara, si mkuu asiyelikumbuka jina lake, na aombwe barua mapema.