Pima Betri Kwanza

Seremala mmoja wa Keko, Dar es Salaam, alichukua betri zake mbili tukavuka nazo barabara mpaka duka la nafaka, akamwomba mwenye duka mizani. Ya kwanza, Makita ya volti 18 na ampea-saa 5, ilisoma gramu 630 na kitu. Ya pili ina umbo hilohilo, tena ina stika inayong'aa iliyoandikwa volti 88. Hiyo ilisoma gramu 370. Tuliporudi karakanani aliifungua kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na seli tano tu katika safu moja, na pale ilipotakiwa kukaa safu ya pili palikuwa wazi.

Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6. Ukiunga tano mfululizo unapata 18, basi. Zikijaa chaji kila moja hupanda hadi volti 4 na ushee, ndiyo maana kampuni nyingine huandika 20. DeWalt huiuza betri yake Marekani kwa jina la volti 20, na Ulaya ileile inaitwa ya volti 18. Kwa hiyo mwuzaji wa Kariakoo akikwambia drili ya Ingco au Total ya volti 20 ina nguvu kuliko Makita ya 18, hajakupa sababu ya kununua. Na hiyo 88 ni rangi ya stika, kwa sababu seli tano za lithiamu haziwezi kuifikia.

Kinachotofautisha betri na betri ni umeme unaobebwa, na huo hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa. Makita ile ina wati-saa 90, kutoka kwenye seli kumi zilizopangwa safu mbili. Ile nyingine, hata tukizikubali seli zake kuwa nzuri za ampea-saa 2, ina 36. Ukitaka kulinganisha bei, gawa bei ya betri kwa wati-saa zake. Mara nyingi utakuta ya rahisi siyo rahisi kama ilivyoonekana kaunta.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu fundi wetu hununua drili, kumbe anaingia katika ukoo wa betri. Betri ya DeWalt haiingii kwenye Bosch, na ya Total haiingii kwenye Makita. Ukishakuwa na betri tatu za ukoo mmoja, jigso, sanda na grainda utakazonunua baadaye zitafuata ukoo huo, maana mashine tupu bila betri wala chaja huuzwa kwa bei ya chini sana. Swali la kwanza kwa mwenye karakana, basi, ni kama ukoo huo utakuwepo miaka kumi ijayo.

Hapo ndipo Makita inapopata alama zangu nyingi. Kampuni hiyo ya Japani ilianza mwaka 1915 ikishughulika na mota za umeme, na ilitoa drili yake ya kwanza ya kuchaji mwaka 1969, miaka minane baada ya Black & Decker ya Marekani. Ilipohamia lithiamu ya volti 18 mwaka 2005 ilichagua umbo la mdomo wa betri, na umbo hilo halijabadilika hadi leo, huku mashine zinazolitumia zikiwa zaidi ya 300. Tahadhari ni moja: mashine zake mpya za volti 40 ni ukoo mwingine kabisa, betri haziingiliani.

DeWalt, iliyo chini ya Stanley Black & Decker, ilibadilisha umbo mwaka 2011, na waliokuwa na betri za zamani walijua maana yake. Tangu hapo imetulia, na kwa kazi ya kukaza skrubu ndefu kwenye mkongo au mninga sina neno baya juu yake. Bosch ya bluu ndiyo ya mafundi, ile ya kijani imetengenezwa kwa matumizi ya nyumbani, na wengi hununua ya kijani bila kujua hilo. Milwaukee ya TTI, kampuni ya Hong Kong, inasifiwa sana ughaibuni, ila mimi sijawahi kuikuta duka la mtaani. Mashine ambayo betri yake inahitaji ndege sitamshauri mtu mwenye oda za wateja.

Ingco na Total, zote za Kichina, ndizo zimejaza maduka ya vifaa vya ujenzi Afrika Mashariki, na zinastahili kupewa haki yao. Kijana anayeanza na mtaji mdogo anapata drili, betri mbili na chaja, na zikiharibika anajua pa kuzirudisha. Chagua zenye mota isiyotumia kaboni, kwani hupoteza umeme kidogo na hazikulazimishi kutafuta kaboni kila zinapoisha. Ninaloliogopa ni betri na mashine za kuigiza, zinazovaa umbo la Makita bila kuwa na kampuni yoyote nyuma yake.

Mashine za chaji zilipata sababu ya kupendwa hapa wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzo wa 2024, kabla bwawa la Julius Nyerere halijaanza kuzalisha Februari 2024. Waliokuwa na betri walichaji usiku umeme uliporudi, wakafanya kazi mchana. Gharama ya kuchaji haitishi mtu: kwa bei ya takriban shilingi 356 kwa uniti, kuijaza betri ya wati-saa 90 hakufiki shilingi 50, hata ukihesabu kinachopotea kwenye chaja. Gharama halisi ni betri yenyewe, ambayo huchoka baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa.

Hata hivyo karakana haigeuki kuwa ya chaji yote. Grainda kubwa ya wati 2,000 ingeimaliza betri hiyo ndani ya dakika tatu. Randa ya meza, msumeno wa meza na grainda kubwa zibaki na waya. Chaji iende kwenye drili, kukaza skrubu, jigso, na kazi ya kufunga makabati nyumbani kwa mteja.

Na wanaoletewa mashine na ndugu kutoka Marekani au Japani watazame chaja kabla ya kuichomeka. Betri itaingia vizuri, lakini chaja ya volti 120, au ya 100 kwa Japani, ukiiweka kwenye soketi yetu ya 230 itaungua papo hapo. Nunua chaja ya hapa. Iweke mbali na bati la paa pia: Makita huelekeza kuchaji kwenye joto lisilozidi nyuzi 40, na saa nane mchana chini ya bati la Keko joto hilo hupitwa. Seremala wangu sasa anachaji alfajiri, kabla hajawasha kitu kingine, na kila betri ameiandikia kwa kalamu ya wino mzito mwezi alioinunua na uzito wake kwa gramu.