Senti ya mushahara, nyumba ya vitabu

Wandugu wachimbaji, bamama na vijana wa kambi, tuwaambie namna hii hadisi ilianza. Ku mukutano wa sendika, kisha kazi ya posti ya asubuhi, tulileta wazo moja dogo: kila mumoja atoe kitu kidogo ku mushahara, tufungue bibliyoteki mu kambi yetu. Muzee mumoja akasimama, akavua kofia, akauliza: «Wandugu, vitabu vinakuliwa?»

Watu wakacheka. Hata sisi tulicheka. Lakini ile ulizo haikutuachia usingizi. Mu kambi kuko nyumba zenye kukosa unga mbele ya mwisho wa mwezi, na sisi tunaleta maneno ya vitabu. Basi tukatafuta: kuko fasi ingine wachimbaji walijaribu hii kazi? Kumbe iko. Na walikuwa watu sawa sisi, taa ku kichwa, mavumbi mu mapafu.

Walijifanyia wenyewe

Wales ni inchi ndogo iliyo chini ya ufalme mumoja na Uingereza. Upande wake wa kusini kuko mabonde marefu, na mu yale mabonde walichimba makaa ya mawe. Miji yao ilizaliwa sawa miji yetu ya shaba: mugodi kwanza, nyumba za wafanyakazi nyuma yake, kisha kanisa na nganda.

Mu 1850 serikali ilitoa sheria ya bibliyoteki za watu wote. Lakini pale mwanzo ilikuwa ya miji yenye watu kupita 10 000, na kodi yake ililipa nyumba na kazi, haikununua vitabu. Ruhusa ya kununua vitabu ilikuja mu 1855. Miji midogo ya migodi ilibakia nyuma sana. Muchimbaji mwenye kungojea serikali angezeeka bila kushika kitabu.

Njo vile walijifanyia. Siku ya mushahara, biro ya kampuni ilikata peni kidogo ku kila paundi ya mufanyakazi, na zile peni ziliingia mu mikono ya komite iliyochaguliwa na wafanyakazi wenyewe. Wakajenga nyumba zilizoitwa Workmen's Institute. Ndani mulikuwa bibliyoteki, chumba cha kusoma magazeti, fasi ya mikutano, meza za biyari, na mu zingine hata sinema. Mu 1920 sheria mupya ikaongeza peni moja ku kila tani ya makaa iliyochimbwa, juu ya mafaa ya wachimbaji, na sehemu ya ile feza ilisaidia zile nyumba. Kufika 1934, kulikuwa bibliyoteki zaidi ya 100 za wachimbaji mu kusini ya Wales, na tukipima katikati, kila moja ilikuwa na vitabu karibu 3 000.

Tusiwafanye kuwa malaika. Mu komite waligombana. Wamoja walitaka vitabu vya siasa na vya mambo ya feza tu. Lakini wengi, wakitoka chini wamechoka, walitaka hadisi za mapendo na za wapanda farasi wa Marekani. Komite zilinunua vya huku na vya huku, sababu mwenye kulipa peni alikuwa na haki ya kuchagua. Ile njo ilikuwa nguvu yao.

Mutoto wa Tredegar

Mu muji mudogo wa Tredegar, mu 1897, alizaliwa mutoto wa muchimbaji, jina lake Aneurin Bevan. Aliingia mu mugodi akiwa kijana wa miaka 13. Alikuwa na kigugumizi, na ku shule hakupata kitu kikubwa. Shule yake ya kweli ilikuwa bibliyoteki ya Workmen's Institute ya Tredegar. Alisoma usiku, asubuhi akashuka chini. Kisha vita, sendika ya wachimbaji ilimutuma London kusoma miaka miwili mu chuo cha wafanyakazi.

Mu Tredegar wafanyakazi walikuwa pia na shirika la matunzo: kila mumoja alitoa kidogo ku mushahara, na akigonjwa yeye ao mutu wa nyumba yake, munganga alikwisha kulipwa. Bevan aliijua ile kazi vizuri. Mu 1929 alichaguliwa mubunge, na mu 1945 akawa waziri wa afya. Tarehe 5 Julai 1948 inchi yao ilianza matunzo ya hospitali bila kulipa ku mulango, kwa watu wote, kwa feza ya kodi.

Muzee wetu, sikia: hapana, vitabu havikuliwe. Lakini muchimbaji moja aliyevisoma alienda ku serikali na ile akili ya makuta ya kuchanga, akafungulia wagonjwa wa inchi nzima mulango wa hospitali.

Mugodi ukifa

Sasa tuseme na upande wa machozi, sababu njo unatuhusu zaidi. Wakati wa mugomo mukubwa wa 1926, na mu miaka ya ukosefu wa kazi iliyofuata, vyumba vya kusomea vilijaa watu. Lakini mushahara ulikosa, na peni zikakosa. Vitabu vilichakaa mu mikono, na vipya havikuja. Nyuma, migodi ilipofungwa moja moja, ile mitego yote ya nyumba za vitabu ilikatika: kamba yake ilikuwa imefungwa ku mugodi tu. Vitabu mingi viliuzwa, vingine vilitupwa. Mu 1973, mu muji wa Swansea, walifungua bibliyoteki ya wachimbaji wa kusini ya Wales, kusudi ya kuokoa vile vilivyobakia. Iko mpaka leo.

Kazi ya kila siku ilichukuliwa na bibliyoteki za muji. Toka 1964, sheria inalazimisha wakubwa wa kila fasi kutoa hii kazi kwa watu wote. Mu miji midogo ya yale mabonde, mutu anapata karte bila kulipa, anapeleka kitabu ku nyumba, na kuko ordinateri zenye intaneti. Mwenye kukosa kazi anakuja kuandika barua ya kuomba kazi, muzee anasaidiwa kujaza formulere, mama anakuja na watoto wadogo kusikiliza hadisi. Lakini hata kule feza inapungua: saa za kufungua zilikatwa, na fasi zingine wakaaji wenyewe wanafanya kazi bila mushahara kusudi mulango usifungwe.

Na sisi?

Mu kambi yetu kulikuwaka kabati moja ya vitabu. Mwenye ufunguo alihama, na siku tulivunja kufuli tulikuta muchwa wamesoma mbele yetu. Kabati ilikuwa ya kampuni, kampuni ilienda, hakuna mutu aliyejiona kuwa mwenyewe.

Kwa hiyo tunaleta mambo matatu. Ya kwanza: vitabu viandikwe ku jina la shirika la wakaaji, hapana la kampuni, hapana la sendika peke yake. Ya pili: makuta yetu yasiwe muguu mumoja tu. Sheria ya mine, ginsi iligeuzwa mu 2018, inaomba kampuni itoe angalau 0,3 % ya feza yote ya mauzo juu ya miradi ya watu wanaokaa karibu na mugodi, na 15 % ya redevansi iende ku komini, sekteri na sheferi. Bibliyoteki inaweza kuandikwa mu ile miradi, kama tunaiomba kwa sauti moja. Ya tatu: mu komite wawe bamama na vijana, na kitabu cha kwanza kununuliwa kiwe sheria ya kazi.

Muzee alituuliza tena, ku mulango: «Na mimi nisiyejua kusoma?» Tulimujibu: mujukuu wako atakusomea, na utaanza na buleti yako ya mushahara, ujue wanakukata nini.

Akanyamaza kidogo. Akasema: «Basi tuhesabu.»

Kura iko ku mukutano unaokuja. Kila mumoja alete buleti yake.